Shangazi, mume wangu anaipenda Arusha, mimi naona mitaro tu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu ni Kibosho, lakini nimekulia Moshi mjini, nimesoma hapo, nimeolewa hapo. Mwaka jana mume wangu alipata kazi ya ufundi kwenye gereji ya magari ya kitalii, tukahamia Arusha. Tumepanga Ngarenaro, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, luku tunachangiana. Sina kesi na mume wangu ya hela wala ya wanawake. Kesi yetu ni mji. Najua utacheka, ila tulipofika sasa hatuongei vizuri hata mezani.

Mume wangu amelishwa limbwata na Arusha. Jumapili tukitoka ibadani hataki turudi nyumbani, anataka tutembee. Tupite Mnara wa Saa, tuteremke Sokoine, tuzungukie Kilombero, tule mahindi ya kuchoma. Njiani anawafundisha watoto: lile ndilo Boma la Wajerumani, pale AICC, jengo la mikutano ya kimataifa, ndipo walipohukumiwa wakubwa wa mauaji ya Rwanda, hapa Arusha ndipo Mandela alipowakalisha Warundi wakatia saini amani, na Clinton aliyekuja kushuhudia akaita mji huu Geneva ya Afrika. Watoto wanasikiliza midomo wazi. Mimi nimeinamisha kichwa nisije nikakanyaga maji ya mtaro, na ninachokiona huko chini sicho wanachosimuliwa.

Mji huu unanichosha, Shangazi. Kizimba cha taka cha mtaani kwetu kinafurika mpaka mbwa wanaburuta mifuko barabarani, na gari la kuzoa likija leo hujui litarudi lini. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi. Kwenye mataa wanakaa akina mama na vichanga mgongoni, wanaomba. Karibu na soko wapo wale wanaorundika matairi chakavu njiani. Ukipita na mtoto na kapu lazima uteremke barabarani, na huko bodaboda haina huruma na mtu. Machinga ndio usiseme. Simu yangu ilikwapuliwa mchana kweupe na watu wa pikipiki. Nilikotoka, ukidondosha ganda la ndizi katikati ya mji unatozwa faini, na watu wanaokota.

Hayo yote ningevumilia. Kilichonifanya nikuandikie ni kingine.

Jioni moja nilikuwa natoka Kilombero na mwanangu wa kwanza, yuko darasa la pili. Kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, duka limeshafungwa, amelala mtoto ndani ya kiroba cha saruji. Miguu imetoka nje, mmoja una soksi, mwingine hauna. Kwa kumtazama ni rika la mwanangu. Kiroba kilikuwa kimeziba njia, na mwanangu akairuka ile miguu. Aliruka tu, wala hakukatisha hadithi aliyokuwa ananipa ya goli alilofunga shuleni. Mtoto huyu huyu, tulipohamia, alimwona mwenzake wa aina hiyo akalia usiku, ikabidi asubuhi baba yake apeleke chapati.

Nilipomweleza mume wangu akasema, "Ndio mji huo, mama. Utazoea." Nikamwambia sitaki kuzoea, na sitaki mwanangu azoee. Akacheka. Baadaye, mbele ya rafiki zake, akaniita mshamba. Wifi yangu naye anasema naringa, eti kwani huko Moshi hakuna maskini?

Mama mkwe anataka turudi Kibosho tukajenge. Lakini mume wangu ni wa tatu kati ya wavulana watano, na kihamba, shamba la ukoo, kimeshagawanywa, tutajenga wapi? Mimi nawaza nirudi Moshi mjini na watoto, nifungue kiduka, yeye abaki huku awe anakuja wikiendi.

Niambie ukweli, Shangazi. Mtu anaweza kuupenda mji wa namna hii bila kufumba macho? Na kama haiwezekani, kosa langu mimi ni lipi?

Mama wa Wawili, Ngarenaro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sijacheka.

Nianze na mumeo maana ndiye mwepesi. Mpe simu asome hapa. Baba, kumwita mkeo mshamba mbele za watu ni utovu wa adabu, na radhi iombwe mbele ya watu wale wale. Halafu hilo "utazoea" liache. Binadamu anazoea foleni, anazoea maji kukatika, anazoea hata muziki wa baa ya jirani. Mtoto aliyelala ndani ya kiroba si wa kuzoeleka, na mkeo akikataa kumzoea anakutunzia watoto wako. Haya, mrudishie simu.

Sasa wewe. Naona kwenye kapu moja umetia matairi, kizimba cha taka na yule mtoto, ukalifunga, ukaliita uchafu wa Arusha. Ndiyo maana linakuelemea. Vitu hivyo havifanani hata kidogo, na huwezi kuvibeba kwa moyo mmoja.

Hao wanaorundika matairi ni mafundi wa katambuga, viatu vya matairi. Jumamosi moja ukiwa huna haraka, simama pembeni uwaangalie. Fundi anaweka mguu wa mteja juu ya kipande cha tairi, anauzungushia chaki. Anachovya kisu kwenye kopo la maji, kwa sababu mpira mkavu unashika kisu, kisha anakata huku amekanyaga tairi lisimponyoke. Mikanda anaichana kutoka kwenye mpira mwembamba, anaipenyeza kwenye matundu, anapigilia misumari mifupi na kuikunja ncha isije ikamchoma mvaaji. Pembeni amekaa kijana ambaye kazi yake yote ni kunyoosha misumari iliyopinda. Huyo yuko shuleni, usimwone vile. Wanunuzi ni Wamasai wanaoshuka kutoka Monduli na Longido, wabeba mizigo wa sokoni, na siku hizi hata wazungu. Na matairi yenyewe? Mengine yanatoka kwenye magari kama anayoyafungua mumeo, yamekwishia kwenye mawe ya njia ya Ngorongoro na Serengeti. Mshahara unaowalisha nyinyi na kiatu cha yule mchunga ng'ombe vinaweza kuwa vimetoka kwenye gari moja. Mumeo, pamoja na habari zake zote za Mandela, nina hakika hajawahi kuwasimamisha watoto hapo.

Bado wanaziba njia, sikatai. Utateremka barabarani na utanuna, una haki. Ila hapo unanunia watu walio kazini.

Wifi yako amekuuliza kwa ubaya, lakini swali lake si la kutupa. Wewe ni mtu wa Kibosho, unajua migomba inavyositiri. Yuko bibi kizee anayeshinda na njaa huko ndani, paa linavuja, na gari la kiongozi linapita kwenye lami hapo juu bila mtu kujua. Migomba mizuri, mlima mzuri, mtalii anapiga picha. Siku mjukuu wake anaposhuka na begi moja akaja kuuza soksi Kilombero, ndipo tunasema mji umeharibika. Umaskini ni ule ule. Umehama tu, na huku hauna mgomba wa kujificha.

Na hawakushuka kwa kupenda lami. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika 1989, bei iliporomoka, na wazee wako waliokuwa wakisomesha watoto kwa kahawa wanaikumbuka hiyo miaka. Mashamba nayo yamegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka mengine yamekuwa kipande cha kugeuzia ng'ombe mmoja. Kwa desturi yenu kihamba kinamwangalia kifungua mimba na kitinda mimba. Wa katikati wanapewa baraka. Mumeo ni wa tatu kati ya watano. Mji huu ndio kihamba chake, mwanangu, na labda ndiyo maana kila Jumapili anawazungusha watoto akiwaonyesha mipaka.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ya 2022 ikakuta 617,631. Wamo waliozaliwa hapa hapa, na wamo waliokuja na begi, na hao hawakuja kutazama maua ya jakaranda. Sisemi mji hauna umaskini wake wenyewe. Kodi ya chumba peke yake inatosha kumkausha mtu, na mama anayeomba kwenye mataa na kichanga hajapandishwa daraja na mji wowote. Lakini kijana wa soksi amepima: huko alikotoka hakuna mpita njia wa kumuuzia, hapa wapo maelfu kwa siku. Ukimwona amejazana na wenzake mpaka pa kukanyaga hakuna, ujue hesabu hiyo wameipiga wengi.

Wakubwa wetu nao waliuogopa mji kama wewe. Azimio la Arusha lenyewe, lililopitishwa na chama cha TANU hapa hapa Januari 1967, linaonya kwamba wakazi wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa watu wa vijijini. Hoja hiyo haijafa. Muulize mkulima wa Mang'ola gunia la vitunguu ameliuza kiasi gani shambani, kisha uliza fungu ni bei gani sokoni. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakusanywa mijini kurudishwa vijijini, na wengi wakarudi tena mjini. Mwishoni mwa 2021 machinga wakaagizwa waondoke kando ya barabara waende kwenye maeneo waliyopangiwa. Na wewe leo umeniandikia kwamba machinga ndio usiseme. Mnunuzi anapita pale pale penye stendi na mataa, na muuzaji atamfuata mnunuzi, umwandikie barua au usimwandikie.

Tena ngoja Desemba. Utayaona magari yanavyopandisha Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, buti zimejaa mchele na kreti za soda, ndani watoto wasiojua salamu ya Kichaga. Zile nyumba za vigae huko juu, zinazofungwa mwaka mzima zikisubiri Krismasi, zimejengwa na Arusha, Dar es Salaam na Mwanza. Mama mkwe wako anayesema mrudi, nina wasiwasi bati lake limetoka Arusha vile vile. Muulize, lakini kwa adabu.

Kizimba cha taka ni habari nyingine kabisa. Hapo usitafute uzuri. Wapo watu wanaopita Unga Limited na kamera wakatoka wakisema wenyeji wana furaha kweli licha ya shida zao. Usiwe mmoja wao. Taka zisizozolewa ni kazi ambayo mtu hajaifanya, na mtu huyo analipwa. Moshi unayoisifu haikupewa usafi na theluji ya Kibo. Ni sheria ndogo, faini, na mtu wa kuzisimamia. Pia ni mji mdogo, tuseme ukweli: sensa ya 2022 ilikuta watu 221,733, zaidi kidogo ya theluthi ya Arusha. Ila kama faini inafanya kazi kwa ganda la ndizi kilomita 80 kutoka hapa, hapa pia inaweza.

Hata hiyo miji ya kwenye picha ilinuka. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulikuwa unapokea kinyesi cha London nzima, na joto lilipozidi, Bunge lililo ukingoni mwa mto likawa halikaliki. Mapazia yakalowekwa dawa ya chokaa ili wabunge wapumue. Maskini wa London walikuwa wameshazikana kwa kipindupindu miaka mingi na mitaro haichimbwi. Uvundo ulipoingia bungeni, sheria ikapita ndani ya wiki chache, mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikuu ya chini ya ardhi ambayo London inaitumia mpaka leo. Bibi wa kule migombani hana bahati hiyo, kwa sababu shida yake haimfikii mtu puani. Ya mjini inaweza kufika, ila lazima mtu aisukume.

Kwa hiyo isukume. Kizimba kikifurika piga picha, andika tarehe, mpelekee mwenyekiti wa mtaa, na nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda, na usiende peke yako. Nenda na wapangaji wenzako. Mama mmoja wanamsikiliza kwa heshima wanamsahau, kundi la akina mama wanalihesabia kura. Hasira yako ya taka ni nzuri, nakusifu, ila mpaka sasa umemmalizia mumeo, na yeye kazi yake ni magari.

Simu, pole. Usiongee nayo ukingoni mwa barabara, na mkoba uvae upande wa ukuta.

Yule mtoto nimemwacha mpaka hapa kwa sababu yeye ndiye aliyekuandikisha barua, mengine umeyaongezea.

Mwanao hajawa jiwe. Mara ya kwanza alilia, mkapeleka chapati, na baada ya chapati watoto wakaendelea kulala nje. Mtoto wa darasa la pili akiona baba na mama wameishia hapo, yeye afanye nini? Ameamua kuruka, ili apite bila kulia. Kumhamishia Moshi hakutamsaidia, maana hata stendi ya Moshi atawakuta. Mpe kitu cha kufanya. Mkimwona mtoto amelala nje, simameni. Msalimie, muulize jina lake, na mwanao amtajie la kwake. Mnunulieni chakula ale pale pale mkiwepo. Hela mkononi mara nyingi inaishia kwa wakubwa wa kundi, au kwenye gundi. Kisha piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto ya nchi nzima: taja mahali, umri unaokisia, na hali uliyomkuta nayo. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii uongee naye uso kwa uso. Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuwaachia maofisa peke yao. Inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Na hiyo simu ipige mwanao akiwa anasikia.

Sikudanganyi kwamba kila mara utajibiwa vizuri. Wapo watoto watakaorudishwa makwao, na baada ya muda utawakuta kibaraza kile kile, kwa sababu walikimbia kipigo au njaa na huko nyumbani hakuna kilichobadilika. Piga tena.

Ukaniuliza kama mtu anaweza kuupenda mji bila kufumba macho. Nyinyi mnatembea familia moja mmegawana macho: mumeo anatazama juu kwenye majengo, wewe unatazama chini kwenye mtaro. Mimi nakaa Kaloleni, nimezeekea hapa, na kusema kweli Arusha ya saa saba mchana siipendi hata mimi. Kelele, vumbi, joto la mabati, kila mtu anamkaripia mwenzake. Lakini ikifika saa kumi na moja alfajiri nenda Kilombero. Fuso zinashusha magunia, ndizi za Tengeru zimepangwa chini kwenye majani yake, akina mama wanakagua nyanya kwa tochi za simu, wanapatana bei kwa Kiswahili na kuteta bei hiyo hiyo pembeni kwa Kiarusha, Kirangi, Kichaga na Kiiraqw. Chai ya tangawizi inapita mikononi mwa watu kwenye chupa. Adhana inakwisha, kengele ya Walutheri inaanza. Mlima Meru unatokeza wote, haujajifunika. Wengi wa watu wale hawana kitu, na sijawahi kuona pengine watu wasio na kitu wakiwa na shughuli nyingi kiasi kile. Kuna mama pale anamuuzia mwenzake karoti kwa mkopo wa mpaka jioni, hana daftari, na jioni analipwa. Hilo nalipenda, na mtaro ulio nyuma yake nauona vizuri sana, maana ndio ninaouruka kumfikia.

Kwa hiyo Jumapili mbadilishane. Yeye aongoze hii, wewe uongoze ijayo, na atembee unakotaka wewe, hata kama ni kizimbani. Kwenye mahindi ya kuchoma namuunga mkono yeye.

Kiduka chako kifungue hapa hapa Ngarenaro kwanza. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ni wa kikundi, siyo wa mtu mmoja, hivyo anza na wale mnaochangiana luku. Kama mnaweza kupatana kwenye luku mnaweza kupatana kwenye chochote. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza namna ya kusajili. Mizunguko ni mingi, kwa hiyo msikae mkisubiri. Anzeni kikoba huku karatasi zikitembea. Mtu akiwa na biashara mahali, hata majirani zake anawaona kwa jicho jingine, kwa sababu ndio wateja.

Ukijaribu haya na roho bado ikakataa, huna kosa. Kuna watu wa miji midogo na kuna watu wa miji mikubwa, na Moshi si Ulaya, Coaster zipo tangu alfajiri. Lakini mkienda, mwende wote. Mke Moshi, mume Arusha, na wikiendi katikati, hapo mji umeshatoka kwenye kesi na itabidi uniandikie barua nyingine kabisa. Mtoto msimhamishe katikati ya muhula. Subirini Desemba mkiwa Kibosho, mkae wawili na karatasi: kodi ya nyumba moja na ya nyumba mbili, nauli, mahitaji ya shule, na gereji ya Moshi inamlipa fundi kiasi gani ukilinganisha na ya hapa. Mama mkwe asialikwe kwenye kikao hicho.